Transfoma ya Marehemu

Sikio, kama alivyojiita mwenyewe, alikuwa fundi wa kila kitu ambacho mteja hakielewi. Kwa hiyo mkusanyaji wa redio kuukuu alipomnong'oneza kwamba mshonaji mmoja mjane ana amplifaya iliyoundwa na marehemu mumewe kwa mikono yake, na ndani mna transfoma ya shaba tupu, viganja vilimwasha.

"Niletee hiyo transfoma," alisema mkusanyaji, akiipigapiga pikipiki yake nyekundu, "na hii utaondoka nayo."

Loo! Sikio alikuwa amechoka kukanyaga lami kwa miguu.

Asubuhi yake akabisha hodi kwa mshonaji. Kisanduku cha mbao cha amplifaya kilikuwa juu ya kabati, karibu na cherehani iliyofunikwa kitambaa, muziki ukisikika, mtamu, ila una muungurumo kwa mbali.

"Mama, nilikuwa napita zangu, masikio yakagoma kuendelea. Mashine yako inaumwa."

"Inaumwa, baba?"

"Kapasita za ndani zimezeeka. Nikubadilishie, utadhani mwimbaji kaketi hapo kwenye kochi. Bure kabisa! Naheshimu kazi ya marehemu."

Mama akajifuta machozi kwa kipande cha kitambaa. "Mungu akubariki, mwanangu. Ila huondoki hapa mpaka nisikie wimbo mzima."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Akiichomoa transfoma, lazima apachike nyingine nzima ya ukubwa ule ule, na aliijua moja tu: iliyokuwa ndani ya amplifaya yake mwenyewe, kitu pekee maishani alichowahi kukinunua kwa jasho la halali. Alirudi nyumbani, akaitazama kwa majonzi kama dakika nzima, kisha akashika bisibisi. Pikipiki ni pikipiki, bwana.

Aliporudi, mama alizima mashine akaenda kuchemsha chai, na chai hiyo ilikawia kuliko chungu cha maharage. Sikio alilehemu, akabadilisha hata kapasita, kweli kabisa, maana uongo wa kitaalamu unataka ushahidi. Transfoma ya marehemu ikatumbukia mkobani. Wimbo ukapigwa mwanzo hadi mwisho bila muungurumo hata chembe. Mama akacheza, na Sikio naye akacheza kidogo, mkoba ukimvuta bega.

Mkusanyaji alifungua kifuniko cha bati cha transfoma, akanusa, akakunja uso. "Hii ilikufa zamani. Nyaya zote zimeungua. Mimi niliahidi kwa nzima."

"Lakini nimeisikia ikipiga kwa masikio yangu mawili!"

"Pole sana," alisema mkusanyaji, akawasha pikipiki na kuondoka zake.

Sikio alirudi kwa mshonaji mbio, hasira zimempanda. Mlangoni akaiona pikipiki nyekundu. Ndani, mkusanyaji alikuwa anakunywa chai, na juu ya cherehani, kitambaa kikiwa kimefunuliwa, palikuwa na redio ndogo yenye muungurumo anaoujua vizuri.

"Karibu, mwanangu," alisema mama. "Huyu ni mdogo wangu. Miezi sita mashine yangu iko kimya, ndiye aliyeniambia fundi mwenye transfoma ya kunifaa ni wewe tu. Ulikuwa unasemaje?"

Sikio angelalamika vipi? Kwamba ameibiwa alipokuwa anaiba? Akashusha mkoba begani.

"Na hiyo ya marehemu iliyomo mkobani, baba, niachie. Ni ukumbusho."

Akaitoa, akaiweka mezani taratibu. Amplifaya ilikuwa ikiimba juu ya kabati, na lililomuuma zaidi ni kwamba amplifaya yake mwenyewe haijawahi kuimba hivyo.

"Nikusogeze na pikipiki?" aliuliza mkusanyaji.

Sikio akapanda.