Taa za Kumrudisha Bibi Garini

Jumapili, 10 Novemba

Sauti moja haijanitoka masikioni tangu wiki iliyopita: msonyo wa Bibi. Mrefu, mwembamba, kama tairi linalotoa upepo polepole. Aliuachia ndani ya Prado, gizani, katikati ya migomba ya jirani yake, mzee Ambindwile, huku jani moja la mgomba likiwa limelala juu ya kioo cha mbele kama mkono wa mtu aliyechoka. Niliikosa kona. Taa za gari hili zimepauka. Zinamulika kama mtu anayesimulia jambo asilo na hakika nalo.

Bibi hakunigombeza. Alifungua mlango, akashuka, akajifunga kitenge vizuri, akaenda kwake kwa miguu. Kesho yake akampigia Baba simu. Akamwambia gari la Atuganile, ndiyo mimi, ni la kwenda migombani, na yeye migomba anayo ya kwake.

Leo kamati ya send-off ya mdogo wangu Prisca imekaa sebuleni kwetu, Makandana. Sherehe ya kumuaga kabla ya harusi ni Jumamosi. Bibi ndiye atakayemfunika Prisca kitenge na kumwombea mbele ya watu. Bila yeye hakuna send-off, kuna watu wanaokula pilau. Swali likawa nani amfuate kijijini kwake, Masukulu. Hellen, binti wa shangazi, akanyoosha mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza. Hellen! Ana Escudo ambayo taa moja ni nzima na nyingine inakonyeza. Kamati ikapiga makofi. Mimi nikapewa soda. Niwe msimamizi wa soda.

Hapana. Bibi ndiye aliyenilea. Nikiwa mdogo, tukitoka ibada ya jioni na ukungu umeshuka, alitangulia na chemli mkononi. Sikuona barabara wala miti. Niliona kisigino chake tu, kinatokea, kinapotea, kinatokea. Nikakifuata mpaka nyumbani na sikuogopa hata mara moja. Sasa ana mtoto wa jicho, na jioni kwake ni kama maziwa. Zamu ya kutangulia na taa ni yangu. Si ya Hellen.

Azimio: Jumamosi Bibi atapanda gari langu. Mbinu: nuru.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimesoma fizikia chuo kikuu. Nuru ndiyo mada niliyoipenda mpaka mhadhiri akaniomba niwaachie wenzangu nafasi ya kuuliza. Kwa hiyo najua. Jua huunguza plastiki ya taa, inakuwa ya manjano yenye ukurutu, nuru inatawanyika kabla haijatoka nje. Tiba ni kusugua.

Nimesugua kwa dawa ya meno. Tubu zote za nyumbani, pamoja na ile ya wageni. Nikiwa nimepiga magoti mbele ya gari, kitambaa kinazunguka, nikaanza kuiona Jumamosi: nuru inatoka taratibu kama hariri inayokunjuliwa, barabara inalala chini yake, Bibi kando yangu anasinzia. Nadhani nilikaa hivyo muda mrefu. Jirani aliuliza kama nasali.

Jioni Baba amepiga mswaki kwa chumvi. Prisca amesema kama nilitaka bwana harusi aikimbie midomo yake ningesema mapema, si kupitia kwenye taa.

Matokeo: taa zinanukia minti. Zinamulika vilevile. Labda zaidi kidogo. Inategemea unavyotaka kuamini.

Jumanne, 12 Novemba

Kwa Alawi, fundi umeme wa magari. Babu yake alikuja Tukuyu kutoka Tanga na cherehani, baba yake akashona, yeye ameacha nguo ameshika nyaya. Alawi hajawahi kukutana na taa asiyoipenda. Alitazama zangu, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa, akasema, dada yangu, gari bila spotilaiti ni bwana harusi aliyekuja na kandambili.

Akanionyesha baa ya LED, safu ya taa kwenye fremu moja. Ndefu kama benchi la kanisani! Akaiwasha mara moja tu na duka zima likageuka asubuhi. Nikataka kulia.

Nilijikaza nikamwuliza kama si bora kuifunga chini, kwenye bampa, kwa sababu ya ukungu wetu. Alawi akasema chini hufunga watu wanaotafuta shilingi iliyoanguka. Sisi tunatafuta barabara. Jibu lilinipendeza mno. Nikaacha kufikiri.

Imefungwa juu ya paa.

Hellen amepita wakati Alawi anakaza nati ya mwisho. Akashusha kioo, akaangalia juu, akauliza mechi inaanza saa ngapi na tiketi zinauzwa wapi. Nikamwambia wivu ni ugonjwa. Akasema na yeye anaumwa, anaumwa macho, nizime.

Jumatano, 13 Novemba

Jaribio. Ukungu ulishuka kutoka Mlima Rungwe kabla giza halijakomaa, mzito, ule wa kuloweka nguo kwenye kamba. Nilifurahi. Nikatoka nje ya mji kidogo, nikasimama, nikavuta pumzi, nikawasha.

Ukuta.

Ukuta mweupe, kuanzia boneti hadi mbinguni. Barabara hakuna. Boneti yenyewe hakuna. Nilikuwa nimekaa ndani ya yai. Sijui kama nilipaswa kuogopa. Niliona matone madogo yakipita mbele ya kioo, moja moja, kila moja na nuru yake, bila haraka, na nikawaza kwamba hivi ndivyo mtu anavyoona kabla hajazaliwa. Nikasahau nimeshika usukani.

Honi ikanirudisha. Fuso ya ndizi, inatokea mbele. Dereva alinipiga taa fulu, akasimama, akateremka, akaja kugonga kioo changu akiwa amejiziba macho kwa kofia. Akasema, dada, kwa heshima zote, zima hilo jua, wengine tuna watoto. Nikazima. Akashukuru. Akaniuliza natengeneza filamu gani.

Nimelala kitandani nikifikiri kisayansi. Taa iliyo juu ya macho hupiga matone ya ukungu na nuru yote hurudi kwa dereva. Kadiri taa inavyokuwa kali ndivyo ukuta unavyokuwa mnene. Nililijua hili. Nililifanyia mtihani na nikapata A. Dawa ni taa dhaifu, ya chini, ya njano.

Lakini Hellen amefunika taa zake kwa karatasi ya njano ya biskuti na anaendesha polepole kama kobe. Siwezi kumuiga Hellen.

Hitimisho: taa haina kosa. Mahali ndipo pana kosa. Masukulu ni chini, joto, ukungu haufiki kirahisi. Kule baa itang'aa inavyostahili. Kurudi mjini nitafikiria nikifika kwenye ukungu.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimeenda Masukulu mchana kumbembeleza Bibi. Nimempelekea sukari, sabuni na shali. Alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi, hakusimama. Alipokea vitu vyote, akasema ndaga fijo, akashukuru tena, kisha akauliza kama gari limepona au bado linapenda migomba.

Nikamweleza kuhusu baa. Nikamweleza vizuri, kwa moyo, mpaka mikono yangu ikawa inaruka. Akasikiliza akimenya. Nilipomaliza akasema, gwe Atuganile, mimi simkatai mjukuu wangu, nakataa giza. Kisha akatoa sharti. Jumamosi atakaa mbele ya nyumba. Niwashe taa. Akiuona mkungu wa ndizi wa mwisho kule uzioni kwa macho yake haya yaliyobaki, anapanda. Asipouona, anamsubiri Hellen.

Haki tupu! Nilimbusu mkono. Ulikuwa na utomvu wa ndizi na umenishika midomoni mpaka sasa.

Imebaki Hellen mwenyewe. Nimemtumia ujumbe wa upole kwamba Bibi ameomba afuatwe saa mbili usiku, maana anataka kupumzika. Mimi nitafika saa moja. Si uongo. Bibi hupenda kupumzika.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Imepiga bati usiku kucha. Nimeota Bibi ana miaka yangu, amesimama juu ya paa la Prado, amevaa baa ya LED shingoni kama mkufu. Ananiambia nisimwangalie yeye, niangalie mbele. Sikuweza.

Asubuhi Hellen ameuliza tangu lini Bibi analala jioni. Nimemwambia uzee. Ameniangalia kidogo kupita kawaida.

Soda nimemkabidhi mtoto wa mwenyekiti. Amekunywa mbili mbele yangu.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika nikiwa kiti cha nyuma. Uwanja wa Bibi, Masukulu. Gari limekufa. Nieleze kwa utaratibu.

Mvua ilinyesha mchana, ikakatika, ardhi ikaanza kutoa mvuke. Hakuna ukungu. Nilijua! Nilifika giza likiwa changa. Bibi yuko tayari mbele ya nyumba, gauni la kanisani, shali yangu mabegani, kitenge cha Prisca kimekunjwa mapajani. Nikageuza gari likaelekea uzio. Nikawasha.

Sitaweza kuandika nilichoona. Migomba yote ilisimama kwa pamoja, kama waumini. Kila jani lenye maji likawa kioo. Bibi alijivuta mbele kidogo. Akainua kidevu. Akasema anauona mkungu wa mwisho. Anamwona na ndege aliyeutoboa. Na anamwona mbuzi wa Ambindwile yuko kwenye maharage yake yeye Bibi, na kumbe ndivyo ilivyokuwa siku zote Ambindwile akikataa.

Akapanda! Bibi alipanda gari langu. Kiti cha mbele. Nikamfunga mkanda. Akanipiga kofi dogo gotini, akasema twende, mwanangu.

Kumbikumbi mmoja akagonga kioo.

Kisha kumi. Kisha sikuona kioo. Ardhi ilikuwa imefunguka baada ya mvua, na kwa Masukulu nzima taa kubwa ilikuwa moja tu. Walikuja kama wameitwa kwa majina. Nyumba zikafunguka pia. Mabeseni, ndoo, sufuria za maji, chandarua cha mtu. Ambindwile alitangulia, akipiga kelele kwamba Mungu ni mkubwa, akaweka karai lake chini ya bampa.

Nilisikia mkanda ukifunguka. Nikamwambia Bibi, send-off. Akasema Prisca hawezi kuruka akatoweka, hawa wanaruka. Alikuwa tayari nje, ametandaza kitenge cha Prisca chini ya taa kama jamvi, anaamuru watu wasikikanyage. Akaniagiza nizime injini kwa sababu moshi unawafukuza. Taa nisithubutu kuigusa.

Nikazima injini.

Baa kali, betri ya zamani, injini imezimwa. Hesabu hiyo ni rahisi. Sikuifanya. Mabawa yalikuwa yananyesha. Yalishuka polepole ndani ya nuru, maelfu, yakatua kwenye nywele za Bibi, na Bibi akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu nilipokuwa nikifuata kisigino chake. Nilisimama katikati na mdomo wazi. Wawili waliingia.

Nuru ikawa ya njano. Ikawa nyekundu. Ikaisha.

Katika giza lile ikaja taa moja nzima na nyingine inakonyeza. Hellen. Hakuwa amengoja saa mbili. Aliteremka, akatazama gari langu, akatazama watu wanaotema mabawa, akasema Atu, pole, mechi imeahirishwa?

Bibi aliniuliza kama gari linawaka. Nikajaribu. Halikuwaka. Akasema basi, leo hapana. Akapanda Escudo na ndoo yake mapajani, kitenge begani. Kupitia dirishani akaniambia taa yangu ni nzuri kweli. Wakaondoka polepole, kobe na karatasi zake za biskuti. Niliutazama wekundu wa taa za nyuma mpaka nikawa sijui kama nauona au naukumbuka.

Prisca ametuma picha. Bibi anamfunika kitenge, macho yamefumbwa, anaomba. Kuna mabawa mawili kwenye nywele za Prisca. Amependeza. Nimelia kidogo, sikuwepo. Ambindwile ameniletea kumbikumbi wa kukaanga kwenye kisosi. Watamu. Akaniomba nisimwambie mtu kuhusu mbuzi.

Jumapili, 17 Novemba

Asubuhi majirani walisukuma gari likawaka, nikarudi Makandana. Nyumbani wote walikuwa wanakunywa chai. Bibi alikuwa amelala kwetu. Akasema mbele ya watu, gwe, ile taa iletwe tena kwangu mvua ikinyesha, Masukulu haijawahi kuona neema kama ile. Hellen akamrudisha kwake baada ya ibada.

Nilimwambia Baba ushindi umepatikana. Baba akaniomba nisikilize vizuri. Akasema Bibi ameiomba taa, hajaliomba gari, na ibada ya wiki ijayo ameshamwambia Hellen amfuate. Akanishauri, kwa sauti ya upole inayoniudhi, nimrudishie Alawi ile baa, nibadili taa za mbele ziwe za kawaida, zielekezwe chini barabarani, nifunge za njano kwenye bampa, niendeshe polepole. Na ninunue dawa ya meno.

Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikasema ndiyo, Baba.

Lakini Bibi alipanda. Hilo hakuna anayeweza kulifuta. Alipanda kwa sababu ya nuru, akashuka kwa sababu ya nuru, na kilichotuangusha ni betri tu. Betri si jambo la moyo.

Saa hizi niko Masukulu, mbele ya nyumba ya Bibi. Bibi amechungulia, ameona gari, ameenda kutafuta ndoo. Juu ya paa kuna baa ya pili. Alawi alifungua karakana Jumapili kwa ajili yangu na akasema hajawahi kuwa na mteja anayemwelewa hivi. Wingu zuri linapanda upande wa kijiji cha Masoko.

Simu inaita. Baba. Ameshatuma ujumbe kwamba umeme umekatika Makandana, sola haiwaki, na wageni wa Prisca waliobaki tangu jana wamekaa gizani na sahani mikononi. Sijapokea. Betri ya sola iko hapa, chini ya boneti, tangu saa tisa.