Jina la Profesa Jaridani

Profesa hakuwahi kufika chuo chochote isipokuwa kupita getini, lakini pua yake ilinusa shida za watu kama paka anavyonusa samaki. Alipogundua kwamba wahadhiri hawapandi cheo bila kuchapisha makala, na kwamba matbaa ya chuo kikuu huchambua makala mpaka mwandishi aote mvi, alikodi chumba nyuma ya saluni na kufungua jarida la mtandaoni.

"Jarida huria," aliwaambia wahadhiri. "Msomaji anasoma bure, mwandishi ndiye anayechangia. Elimu ni mwanga, ila umeme nao unalipiwa."

Makala ikiingia asubuhi, jioni imetoka. Hakusoma hata moja. Alisema kusoma kungemtia upendeleo.

Kilichomnyima usingizi ni mama mkwe mtarajiwa. "Maprofesa huandika," mama huyo alimwambia, mikono kiunoni. "Siku nitakayosoma maandishi yako ndiyo siku utakayomchukua binti yangu."

Basi akaja mwanamke wa miwani, amekumbatia makala nene.

"Sina cha kuchangia, kaka. Lakini naweza kuweka jina lako kando ya langu. Na picha."

"Inahusu nini, dada?"

"Mienendo ya usambazaji huria wa maarifa katika mazingira ya chumba kimoja."

"Hapo umenigusa penyewe," alisema Profesa, akachomoa picha yake ya suti.

Jioni makala ilitoka. Akamtumia mama mkwe papo hapo, kisha akaenda kununua viatu vya harusi na kurudi navyo mguuni.

Akakuta wahadhiri wamejaa mpaka chini ya mashine za kukaushia nywele, kila mmoja na simu mkononi. Makala ilianika utapeli wake hatua kwa hatua, pamoja na ramani ya kufika. Akajifungia chumbani, akampigia mwanamke wa miwani.

"Dada, naifuta sasa hivi."

"Futa, kaka. Mimi ni mhariri wa matbaa ya chuo, na sisi pia tumeiweka kwenye tovuti yetu, bure kwa wote. Wahakiki wameisifu: mwandishi mwenza anaijua mada kwa undani."

Mlango ukagongwa. Simu nayo ikaita: mama mkwe.

"Nimesoma yote, mwanangu. Ahadi yangu iko palepale, njoo umchukue."

Profesa akashusha pumzi, mguu mmoja tayari dirishani. "Ahsante, mama."

"Ila binti naye amesoma, akafunga virago. Sasa sijui utampata wapi."