Keki ya Mdomo wa Mungu wa Jikoni

Jumatatu, tarehe 21, mwezi wa kumi na mbili wa Kichina

Nimeficha keki. Ya mchele wa kunata na sukari guru, imo sandukuni ndani ya koti langu la baridi. Nimeipata kwa jirani yangu Qiu, naye kachukua sataranji yangu ya pembe. Mnyang'anyi! Lakini nifanyeje? Tangu nilipopaliwa na tonge la wali wa kunata, Huilan, mke wa mwanangu, hunilisha uji tu. Daktari kasema koo langu limechoka. Na mimi ndio hivyo, wa kuondoka. Niondoke na uji mdomoni, mtu niliyefundisha kemia maisha yangu yote? Kufa kwenyewe siogopi.

Jumanne, tarehe 22

Keki ngumu kama kigae. Lazima ipate mvuke. Nikamtuma Huilan sokoni kutafuta chai isiyopatikana, nikawasha jiko. Mungu wa jikoni alikuwa akinitazama kutoka kwenye picha yake ukutani. Keshokutwa atapaa mbinguni kueleza yote aliyoyaona humu. Aeleze! Huilan akarudi kuchukua mkoba. Nikamwambia nachemsha dawa ya miguu. Akanusa.

"Baba, miguu yako inanukia sikukuu."

Keki ikachukuliwa. Atapakwa nayo mungu mdomoni, midomo igandane, asitusengenye huko juu. Koo lake yeye, kasema Huilan, halina tatizo.

Jumatano, tarehe 23

Qiu, ambaye amenizidi umri, kala keki dirishani kwake makusudi, kwa meno yake mwenyewe. Akauliza kama Mwalimu angependa kusimuliwa ladha. Mbwa yule! Nimedai haki yangu: mkubwa wa nyumba ndiye atakayempaka mungu.

Alhamisi, tarehe 24

Huilan alitoka kufuata kiberiti, maana picha huchomwa ndipo mungu apae. Nikang'ata kipande cha keki, nikarudia. Keki nayo ikaning'ata! Aliporudi, meno yangu ya bandia yalikuwa yamenasa ndani yake, yakimchekea mungu. Uongo niliutafuta, lakini midomo iliyogandana ilikuwa yangu.

Hakunigombeza. Aliketi.

"Siku ile uligeuka bluu mikononi mwangu, Baba."

Akaichoma picha huku akilia.

Ijumaa, tarehe 25

Qiu anasema vitonge vya mchele vinavyoliwa Sikukuu ya Taa, baada ya mwaka mpya, huteleza vyenyewe, meno ya nini. Anataka tundu langu la ndege. Nimempa.

Ila jambo moja simwambii yeye, wala Huilan. Kile kipande cha jana sikukimeza. Nilikitemea kwenye mkono wa koti. Niliogopa kufa.