Salamu Kwanza, Bei Baadaye

Jumatatu, 9 Juni 2014

Wiki ya pili ya huduma yangu. Kasulu nzima inaizungumza! Kwa ubaya, lakini inaizungumza.

Nieleze, kwa faida ya vizazi vijavyo. Mimi, Leonidasi, nimeweka kompyuta kwenye chumba cha Shangazi Epifania kando ya soko, na antena dirishani. Mfanyabiashara mwenye simu ya kupangusa anakaa dukani kwake, anafungua ukurasa wa Bei Chapuchapu, anaona maharage yanauzwaje leo. Bila kutembea. Bila bando. Ulaya kabisa!

Ila ukurasa unachelewa kufunguka. Kidogo tu. Leo Mzee Tamimu, mwenyekiti wa wanunuzi wa maharage, aliufungua wakati wa adhana ya adhuhuri. Akaenda kuswali. Akarudi, akala, akanawa mikono. Kiduara bado kinazunguka. Akajiendea zake kwenye ubao wa Saady.

Saady! Ana ubao mweusi na chaki pale langoni mwa soko. Anaandika bei, watu wanatazama, wanaondoka. Mambo ya mtandao hayajui hata chembe. Ni kweli kwamba bei zangu nazinakili kutoka kwenye ubao wake kila asubuhi, lakini hilo ni suala la kiufundi.

Shangazi kaniita. Kasema wanunuzi wanakutana Jumamosi kuamua kama wataitumia huduma yangu. Wakiikubali, chumba nakabidhiwa. Wakiikataa, anafuga kuku wa nyama humo ndani. Nilidhani ananitisha tu. Jioni nimekuta vyombo vya kulishia vifaranga vimepangwa chini ya meza ya kompyuta.

Sishindwi na kuku mimi.

Jumanne, 10 Juni

Nimemtumia ujumbe Moses, mtoto wa Shangazi, anayetengeneza kompyuta Kibondo. Nikamweleza dalili zote. Jibu lake likaja papo hapo: punguza salamu.

Nimecheka peke yangu. Kijana kaharibika. Anayefungua ukurasa wangu hatupiwi bei kama mbwa anavyotupiwa mfupa. Kwanza anatokea Shangazi Epifania kwenye video, kavaa kitenge chake cha Pasaka, anapiga makofi taratibu na kusema "Mwakeye," salamu yetu ya Kiha. Anauliza umeamkaje. Anauliza watoto, wazee, shamba, mvua, muhogo. Video yote ikishashuka kwenye simu, na Shangazi akishamaliza kuuliza, ndipo bei inatokea. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu anaingiaje nyumbani kwa watu akaulizia maharage kabla hajauliza wenyewe wameamkaje?

Na Shangazi anavyofurahi! Tangu aingie kwenye simu za watu, kanisani anakwenda kwa njia ndefu ili asalimiwe. Leo wauza nyanya wamemwita Mama Mwakeye. Amerudi anacheka kama msichana.

Nimemjibu Moses kwamba haraka haraka haina baraka. Akauliza kwa nini basi huduma inaitwa Chapuchapu. Maswali ya kitoto sijibu.

Tatizo ni antena. Iko chini mno. Hata kipofu anaona.

Jumatano, 11 Juni

Siku ngumu, lakini yenye maendeleo.

Alfajiri nilikwenda Heru Juu kutafuta mti. Nikapata mkaratusi mmoja, mrefu, umenyooka. Tukaufunga kwenye bodaboda, mimi nyuma nikiukumbatia. Safari ilikuwa nzuri mpaka langoni mwa soko. Pale dereva akakata kona. Sisi tukageuka. Mkia wa mti haukugeuka pamoja nasi.

Ubao wa Saady uliruka, ukaanguka kifudifudi kwenye vumbi, ukaburuzwa. Bei zote zikafutika! Saady kapiga kelele kwamba nimekusudia. Nikamwambia maendeleo yana gharama zake. Wanunuzi wakaniamuru niushike ubao kifuani, nisitikisike, Saady aandike upya. Soko zima likapita mbele yangu. Mmoja akaniuliza kama na mimi nauzwa.

Ubaya zaidi, nilikuwa sijanakili bei za leo. Kwa hiyo asubuhi yote huduma yangu ilikuwa na salamu za Shangazi, kisha hakuna kitu. Lakini hakuna aliyegundua. Hakuna aliyefika mpaka huko.

Alasiri mti ulisimama, antena juu kabisa. Matokeo: zamani kiduara kilikuwa kinazunguka hapa sokoni tu. Sasa kinazunguka hadi stendi!

Alhamisi, 12 Juni

Nina washukiwa wawili: Brazil na Saady.

Kombe la Dunia linaanza leo. Dunia nzima inavuta mtandao upande mmoja, sisi wa Kasulu tutabakiwa na nini? Nimemwandikia Moses. Kajibu kwamba mtandao wangu haufiki hata Heru Juu, Brazil imeingilia wapi? Sawa. Kabaki Saady. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikajificha nyuma ya magunia ya maharage nimpeleleze. Na nikamnasa! Amekaa chini ya ubao wake, simu mkononi, ukurasa wangu umefunguliwa! Nikaruka kutoka mafichoni, gunia moja likaniangukia mguuni. Nikamuuliza kwa ukali anafanya nini kwenye huduma yangu. Akasema anamsubiri Shangazi. Kumbe kila siku anamsubiri. Anaipenda ile sehemu ya muhogo, na akiulizwa anajibu kwa sauti. "Leonidasi ndugu yangu," akaniambia, "tangu nihamie mji huu hakuna aliyeniuliza shamba langu linaendeleaje. Huyu mama ananiuliza kila siku."

Nikamtazama sana usoni. Mjanja huyu. Nitaendelea kumchunguza.

Wakati huohuo nimegundua, kwa akili yangu mwenyewe, kwamba simu zikiwa nyingi huduma inalemewa. Dawa yake foleni! Nikaweka benchi nje ya chumba, nikakata vipande vya boksi nikaviandika namba, kila mtu afungue kwa zamu yake. Kufika mchana benchi limejaa. Watu wakakaa, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha akaja mmoja aliyepitia langoni, akawatajia bei aliyoisoma ubaoni. Wakanishukuru sana, wakarudisha namba zangu, wakaondoka.

Hakuna simu iliyotolewa mfukoni. Hakuna mteja aliyelalamika. Naihesabu kuwa siku ya ushindi.

Ijumaa, 13 Juni

Moses kaja na basi la asubuhi. Anadai amekuja kumsalimia mama yake. Dakika mbili tu, tayari yuko mbele ya kompyuta yangu, anatikisa kichwa.

Kanieleza hivi. Antena yangu ni kama mlango mmoja mwembamba. Kila anayefungua ukurasa, mama yake mzima anapita mlangoni na kitenge chake. Wakifungua watu kumi, kina mama kumi wanasukumana mlangoni. Bei imesimama nyuma yao, inasubiri nafasi.

Nikamwambia achunge ulimi, huyo ni mama yake mzazi.

Akashauri bei itangulie. Salamu iwekewe kitufe, anayetaka kusalimiwa abonyeze. Kitufe! Nikamuuliza kama siku ya harusi yake wakwe nao watawekewa kitufe. Akarudi kutazama kompyuta. Nimemshinda kwa hoja, na yeye ana cheti.

Baadaye akasema, kwa unyenyekevu kabisa, kwamba kompyuta ina vumbi, angalau aipanguse. Nikamruhusu, maana kazi ya kupangusa haina madhara. Mimi nikaenda kununua misumari. Nimeamua kuunga kipande kingine cha mti juu ya ule wa kwanza. Mti ukiongezeka, kasi inaongezeka. Hesabu ya darasa la tatu.

Niliporudi alikuwa bado anapangusa. Kijana anapangusa taratibu sana, lakini ana moyo.

Kesho ndiyo kesho. Shangazi ameshanyoosha kitenge cha Pasaka. Vyombo vya vifaranga bado viko chini ya meza. Leo nimejikwaa navyo mara mbili, nadhani vinanisogelea.

Jumamosi, 14 Juni

Ushindi! Ushindi! Lakini niandike kwa utaratibu.

Wanunuzi walijaa uani. Shangazi alikaa mbele kabisa, kitenge kilekile cha kwenye video, ili watu wamfananishe. Aliwaalika na kina mama wa kwaya. Mzee Tamimu akatoa simu. Mimi nikasimama kutoa hotuba juu ya mti, maana nilijua tutakuwa na muda wa kutosha.

Sijafika hata kwenye mizizi, Mzee Tamimu akasema, "Imefunguka."

Nikamwomba arudie. Akaigeuza simu, tukaiona: maharage ya njano, bei ya leo, safi! Wengine wakafungua. Ikafunguka! Wote kwa pamoja. Ikafunguka! Mtu mmoja alirusha kofia ikanasa kwenye antena. Mikono ikanyooshwa yote, na Saady alinyoosha wa kwake pia, ingawa si mwanachama. Nikawaeleza sayansi ya kipande cha pili cha mti. Moses alishikwa na kikohozi kibaya, ikabidi aletewe maji.

Ndipo Shangazi akaiomba simu ya Mzee Tamimu. Akaitazama. Akasubiri. Akamuuliza, "Mimi niko wapi?"

Mzee Tamimu akaigeuza simu, akaangalia na nyuma yake. Kina mama wa kwaya wakatazamana. Shangazi akajinyoosha kitenge magotini, akasema pole pole kwamba hakuna neno, watu siku hizi wana haraka. Ahadi ni ahadi. Akanipa ufunguo wa chumba bila kunitazama. Kisha akarudi nyumbani kwa njia fupi.

Nimeumia. Nina ufunguo mfukoni na nimeumia kweli.

Nilimbana Moses mpaka akakiri. Vumbi alilolipangusa jana ni mama yake! Hata yeye alikuwa ameinamisha kichwa, akasema hakujua kwamba mama ataona vibaya kiasi kile. Akarudia habari za kitufe: bei itangulie, halafu mama, chapuchapu na heshima vikae pamoja. Kasema ni kazi ya saa moja tu.

Nimemkatalia. Mtu akikupa ufunguo wa nyumba yake, humgeuzi kuwa kitufe.

Jumapili, 15 Juni

Moses kaondoka na basi. Kaniachia maelekezo ya kitufe kwenye karatasi. Nimeyatumia kuzuia meza isiyumbe.

Baada ya kanisa nilikwenda kwa Shangazi na simu yangu. Nikapiga magoti, nikamwomba turekodi upya. Akakataa. Kasema yeye ni mzee, watu wanataka maharage, hawataki uzee. Nikabaki palepale nimepiga magoti. Akauliza kama kitenge cha Pasaka hakijachosha watu. Nikajua tumepona!

Tulirekodi uani kwake. Safari hii hakubanwa na muda. Aliuliza watoto kwa umri wao. Aliuliza mbuzi. Aliwauliza watu wa Makere, wa Heru Juu, na wa Kibondo pia, ili Moses asijione katengwa. Saady alikuwa anapita njiani, akaitikia kwa sauti, "Muhogo unaendelea vizuri, mama!" Tukaona ni vibaya salamu kukosa mwitikio, tukamwita akae pembeni yake ajibu yote. Saady kachana nywele kwanza. Kaomba nimtunzie ubao wake chumbani kwangu mvua zikija, nikakubali. Mshindi lazima awe na huruma.

Video ni ndefu zaidi ya ile ya kwanza, tena na watu wawili ndani yake. Nimeiweka mbele ya bei, mahali pake. Shangazi kaiangalia yote kwenye kompyuta, akapiga makofi, akajijibu mwenyewe. Kaenda ibada ya jioni kwa njia ndefu.

Nimemuuliza kama niondoe vile vyombo vya vifaranga. Kasema vikae tu palepale.

Alasiri Mzee Tamimu kafungua ukurasa aone bei. Kiduara kikazunguka. Akasubiri, akanitazama, akasema ngoja akaswali kwanza.

Nimetoka nje kuangalia. Nilivyofikiri ndivyo ilivyo: mti bado mfupi. Kesho alfajiri nakwenda Heru Juu.