Sekunde Mbili Ambazo Kitabu cha Kurjet Kimezisahau

Lohiniemi, tarehe 9 Februari

Ndugu Ensio Tarkkala,
Mhariri wa kitabu cha "Miaka Hamsini ya Kurjet",

Pokea salamu kutoka jikoni kwangu, ambako kitabu chako kimelala mezani tangu Jumapili. Nimekifunika kwa kitambaa ili nisikione.

Mimi ni Irja Käkönen. Kwa miaka ishirini na sita niliuza kahawa na mikate ya iliki katika kila mchezo wa nyumbani wa klabu yetu ya mpira wa kikapu, tangu Kurjet ilipokuwa ikicheza kwenye ukumbi wa shule ya msingi hadi ikawa timu ya ligi kuu yenye wachezaji wa kulipwa. Mume wangu Veijo alikaa miaka hiyohiyo kwenye meza ya waamuzi, akiendesha saa ya mchezo. Wote wawili tulijitolea. Veijo alifariki Novemba iliyopita. Kitabu kina kurasa mia tatu na kumi, na jina lake halimo. Nilidhani ni macho yangu, hadi jirani yangu Sirkka aliponisimamisha kwenye ngazi: "Wee Irja, mbona mzee wako hayumo? Hata mbwa wa kocha yumo, tena kwa rangi!"

Kwa heshima nayapanga malalamiko yangu kwa namba, kama Veijo alivyopenda mambo.

1. Kurasa za 61 hadi 69 zote ni za Mmarekani wetu wa kwanza, Darnell Whitcomb, aliyecheza msimu mmoja tu. Sina ugomvi na Darnell. Alilala kwetu majuma matatu akisubiri nyumba, akivaa soksi za Veijo, na siku ya kwanza tulipomwingiza kwenye mvuke wa sauna alitoka mbio akidhani tunampika. Lakini kurasa tisa! Soksi hazikupata hata mstari.

2. Ukurasa wa 112 unasema ubingwa wa 1987 tuliupata "kwa bahati kidogo". Ndugu Ensio, ulikuwepo. Ulikuwa kwenye benchi la akiba, unakula mkate wangu wa pili. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja na zilibaki sekunde mbili. Mpira ukaingizwa, Kyösti Hannula akaudaka, akaudundisha mara mbili, akageuka, akarusha, ukaingia, ndipo king'ora kikalia. Hiyo si bahati. Hiyo ni saa iliyoshikwa na mtu makini, mtu aliyechemsha mayai dakika sita na nusu kamili, akiwa amesimama karibu na jiko na saa mkononi. Ukumbi ulikuwa na baridi, kwa hiyo nilimfumia glavu zenye tundu la kutoa dole gumba la kulia, ili akisikie vizuri kitufe cha kuanzisha na kusimamisha saa. Jozi ya mwisho ninayo bado. Naomba "bahati kidogo" ifutwe, iandikwe "usahihi wa Veijo Käkönen".

3. Ukurasa wa 113 umewapa watu wa Rautasalmi, tuliowafunga kwenye fainali ile, nafasi ya kudai kwamba siku ile saa yetu ilisimama. Nusu ukurasa mzima! Hao kila walipokuja walimpigia kelele kutoka jukwaani: "Mzee wa saa, umelala?" Naye, mtu asiyefikisha maneno kumi kwa siku, aliwajibu bila kugeuka: "Nimelala. Kidole kiko macho." Nimejaribu mwenyewe jikoni, kwa mpira wa tenisi wa wajukuu na sufuria: kudundisha mara mbili, kugeuka, kurusha. Nilitumia sekunde saba, lakini nina miaka sabini na tisa na nyonga ya bandia. Kyösti alikuwa kijana. Inawezekana.

4. Basi, kwa kuwa bila usahihi tusingepata ubingwa, na bila ubingwa tusingepata wadhamini, ukumbi mpya wala kitabu chako, ni wazi kwamba klabu hii ni ya Veijo. Naomba nakala zote mia nane zikusanywe nyumba kwa nyumba. Sura zako, ulizozigawa kwa majina ya makocha, zigawanywe upya kwa glavu, maana makocha walikuwa kumi na saba na glavu ni jozi nne tu, msomaji atapumua. Rautasalmi waombe radhi kwa maandishi. Kombe lihamie kwenye kabati langu la vyombo. Vikombe vya harusi nimeshavitoa.

5. Kila mchezo wa nyumbani uchelewe kuanza kwa sekunde mbili, ukumbi mzima ukiwa kimya. Kunyamaza watu wa hapa tunaweza. Hili ndilo ninalolitaka zaidi. Hayo mengine unaweza kunikatalia moja moja. Tangu Novemba mayai yangu yanaiva ovyo.

Nisalimie mkeo Marketta, na Kyösti kama goti linamruhusu kutoka, na wote wa meza ya kahawa, na huyo mbwa pia, maana yeye hana kosa.

Wako mwaminifu katika Kurjet,
Irja Käkönen

Nyongeza: Nimeifungua tena bahasha kwa mvuke wa birika. Nilikuwa natafuta stempu kwenye droo ya Veijo, nikakuta daftari lake la michezo. Kwa kawaida aliandika matokeo tu. Siku ya fainali ameandika hivi: "Mpira umeingizwa. Irja kasimama juu ya kreti ya vikombe, birika mkononi, kofia imemdondoka, anapiga kelele. Sijawahi kumsikia akipiga kelele. Nilisahau kubonyeza. Labda sekunde nne. Rautasalmi wanafoka. Sijasema kitu."

Kwa hiyo, Ndugu Ensio, kitabu kiache kilivyo. "Bahati kidogo" ni maneno mazuri. Rautasalmi waongezee na picha. Jina la Veijo usiliweke popote, na barua hii itie kwenye jiko la sauna.

Ila ombi namba tano bado naliomba, na sekunde ziwe nne. Ukiulizwa ni za nini, sema hujui.