Kuanguka Huandikwa Mbio

Jumatatu, 9 Oktoba

Jumamosi timu yetu ya futiboli ya Kimarekani ilipigwa tena. Tulirusha mpira mara arobaini na saba, tukakimbia nao mara kumi na tano. Kwangu huo ndio ustaarabu. Kwa Kocha Haskew, mkuu wetu, ni ulevi. Kaniita ofisini, karanga zake za kuchemsha mezani, akaniambia bila kuinua macho kwamba chuo hiki kilijengwa kwa miguu, si kwa mikono. Jumamosi hii anataka nusu kwa nusu. Karatasi ya takwimu ikionyesha mirusho imezidi mbio, hedifoni zangu za kuamuru mchezo anapewa Stribling.

Stribling! Kocha wa ukuta, yaani wale vijana watano wanene wa mbele. Nilimkuta nje ya mlango akijifanya anafunga kamba. Viatu vyake havina kamba.

Miaka sita mimi ndiye ninayeamua: turushe au tukimbie. Nikinyang'anywa hilo, nabaki mzee mwenye filimbi.

Jumanne, 10 Oktoba

Stribling kaniletea hekima mazoezini. Eti ukuta unaorudi nyuma siku nzima kumlinda mrushaji huzoea kurudi nyuma. Eti adui asiyeogopa mbio hana sababu ya kusitasita. Eti mirusho yangu ingefaulu zaidi kama ningeipumzisha. Nikamshukuru. Nani kamuuliza?

Mchana, nikila kambare wa kukaanga, nikafungua kitabu cha kanuni za takwimu. Nadhani hakuna kocha aliyewahi kukifungua. Na humo, ukurasa ambao sasa una mafuta, nimepata wokovu. Mrushaji akiangushwa kabla hajaachia mpira, haihesabiwi kurusha. Inahesabiwa mbio!

Nimesoma mara tatu. Nitaamuru kurusha, kijana ataanguka, karatasi itaandika tumekimbia. Akili ni mali.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimepanga mirusho mirefu tu, ile inayomtaka mrushaji ashike mpira na kungoja. Akifaulu, sifa kwangu. Akianguka, mizani inakaa sawa.

Mrushaji wetu ni Teague, miaka ishirini. Nilimleta mwenyewe. Nilikula pai ya pichi ya mama yake sebuleni kwao, nikamwahidi nitamtunza mwanawe. Leo kijana kauliza kwa adabu mbona kila mpango unamtaka akae na mpira muda mrefu hivyo, na mbavu bado zinamuuma. Nikamjibu subira huvuta heri. Akasema, "Ndiyo, bwana," akaenda kujaribu tena.

Anaamini kila ninachomwambia.

Jumamosi, 14 Oktoba

Siku ya siku.

Mapumziko: mirusho kumi na sita, mbio kumi na sita. Haskew kanipiga bega, kasema hatimaye nimekuwa mtu mzima. Saba kati ya mbio hizo ni Teague amelala chali. Tulikuwa nyuma, 3 kwa 17, lakini karatasi ilipendeza sana. Stribling aliisoma, akanitazama mimi, akaisoma tena. Sikupenda hivyo.

Robo ya tatu Teague aliinuka kwa kushikwa mkono. Nikaamuru kurusha.

Robo ya nne nikaamuru kurusha tena, na kijana hakurusha! Alimkabidhi mpira Crenshaw, mkimbiaji wetu aliyekuwa amesahauliwa kama mwavuli wa kiangazi. Maadui wote walikuwa wanamkimbilia Teague, kwa mazoea. Crenshaw akapita katikati yao, yadi arobaini, hakuna aliyemgusa. Wakafanya hivyo tena, na tena. Maadui wakaanza kusitasita, wakajazana mbele kumngoja Crenshaw. Hapo Teague akarusha juu ya vichwa vyao, mrusho mfupi, rahisi. Tukavuka mstari wa alama. Ukuta wa Stribling uliimba njia nzima hadi chumba cha kubadilishia nguo.

20 kwa 17. Karatasi: thelathini na moja kwa thelathini na moja. Haskew kasema hedifoni ni zangu. Waandishi wa habari waliniuliza siri ni nini. Nikasema mizani.

Jumapili, 15 Oktoba

Mchungaji kaombea mbavu za Teague. Ufa katika mfupa mmoja, kasema daktari, lakini anaweza kucheza akifungwa bandeji. Niliinama muda mrefu kuliko kawaida yangu.

Baada ya ibada Stribling kanishika kiwiko kwenye maegesho.

"Tharpe, mimi pia najua namna wanavyohesabu," akasema taratibu. "Mwambie kijana mwenyewe. Una mpaka kesho asubuhi. La sivyo nitamwambia mimi."

Nimekaa barazani alasiri nzima. Huenda Stribling anasema kweli. Huenda usawa hauko kwenye karatasi kabisa. Huenda ni kile adui asichokijua, ile nusu nukta anayosita asijue aende wapi, na nusu nukta hiyo ndiyo inayookoa mbavu za mtoto wa watu. Ni wazo zuri. Limenitoa machozi. Kesho namwambia Teague kila kitu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nilichelewa. Stribling alishasema.

Teague alikuwa ananingoja chumba cha mikutano, kakaa wima kwa sababu ya bandeji. Nilianza kujieleza, akanikatiza. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Kocha, ungeniambia tu," akasema. "Wewe ndiye uliyenileta hapa. Sitaki wakunyang'anye kazi yako. Nimefikiria: nikipiga goti mwenyewe kabla hawajanifikia, nayo si inaandikwa mbio? Niambie tu unataka mara ngapi."

Nikamwambia hapana, kamwe, hakuna mchezaji wangu atakayeanguka kwa ajili yangu. Nikamwambia Jumamosi tutakimbia na Crenshaw mpaka nyasi ziishe. Nilimaanisha kila neno. Akasema, "Ndiyo, bwana." Tulipeana mikono, na nilijisikia mtu mpya.

Sasa niko ofisini na mpango wa Jumamosi. Mbio za Crenshaw ishirini. Nimeziandika kwa kalamu ya wino. Baadaye nikaona mirusho mitatu mizuri mno kuiacha, halafu mingine miwili. Mirusho ishirini na nane, kwa sasa. Mizani imepinda kidogo.

Akipiga goti mwenyewe, haumii. Na si mimi niliyemwomba.

Mara nne zitatosha. Mvua ikinyesha, tano.