Pete Nyeusi Katika Uji wa Kakese

Tegeni masikio, enyi wa Mpanda na wa mbali, mliosimama mkae na mliokaa msisinzie, maana nawasimulia vita vya mwaka tisini na nne, vilivyopiganwa katika maabara ya zahanati moja ya Kawajense, juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi, kwa silaha za sufuria mbili na jiko la mkaa.

Shujaa ni Pudensiana, Mpima Makohozi, Mfumba Jicho Mbele ya Darubini, ambaye minyoo ya wilaya nzima ilimhofu. Siku hiyo akaingia Jeannine wa Kakese, mpishi wa uji wa kliniki, mwanawe mgongoni, bakuli mkononi. Uji uling'aa juu na kunuka gereji, na mtoto alikuwa ameukataa siku mbili. Nyuma yake akaja Masele, Bwana wa Mashine ya Kusaga, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini.

"Dada Pudensiana," akanena Jeannine, "karanga nilizichagua moja moja kwa mkono huu. Sasa wamama wanasema nawalisha watoto wao uchafu! Kesho wanakuja watoto kumi na wawili. Nikiwapa, naogopa. Nikiwanyima, wataniondoa kwenye jiko. Niambie, ni mimi?"

"Mayu, mama yangu, mashine yangu haina kosa!" akanguruma Masele. "Hayo ni mafuta ya karanga. Tena mimi nilikuheshimu! Foleni nzima ilinisikia nikitangaza: mama wa lishe apite mbele, asage wa kwanza!"

Pudensiana akainua mkono, wakanyamaza. Kisha akanena neno refu kuliko yote aliyopata kunena kazini: "Mafuta ya karanga ukiyachemsha na kostiki, ile soda kali, huwa sabuni. Ya mashine hayakubali, hata uyabembeleze. Kaeni hapo."

Akaenguaengua mafuta ya uji, akayatia sufuria moja. Ya pili akatia mafuta safi ya karanga. Zote akazitia kostiki, akakoroga tangu saa nne hadi saa saba, jasho likimtoka, asile wala asiketi. Sufuria ya karanga ikasalimu amri, ikawa sabuni tupu. Ya uji nayo ikatoa povu, lakini juu yake pete nyeusi ikaelea kwa kiburi, isishindwe.

Jeannine akalia waziwazi, kwa furaha. Masele akainama kuitazama pete ile.

"Alisaga wa kwanza baada ya nini?" Pudensiana akamwuliza Masele.

"Baada ya kuitia mashine grisi," akajibu Masele, na kwa mara ya kwanza Kakese na Kawajense zikaisikia sauti yake ndogo. "Siku zote baada ya grisi napitisha pumba kwanza zizoe mafuta, namwaga. Siku hiyo nilimwona ana mtoto, nikasema asingoje pumba. Nisamehe, mayu."

Ikaandikwa daftarini: *Mafuta ya mashine. Uji umwagwe. Mpishi hana kosa.* Masele akasaga unga mpya kwa mkono wake, na mtoto wa Jeannine akalamba bakuli hadi likang'aa, safari hii kwa mate yake.

Na tangu siku hiyo pale Kakese, akifika mama wa lishe, foleni husimama, watu humpisha, pumba hutangulia mashineni, na sauti ya Masele hupaa juu ya injini ikitangaza cheo kikuu kuliko vyote: "Mama wa lishe, asage wa pili!"